Kontena Lililongoja Florida

Siku moja huwa naikumbuka, mwanangu, kila nikikusikia wewe na wenzako mkibishana kuhusu uchaguzi wa Marekani kwenye migahawa ya mtaa huu wa Huanshi Zhonglu. Nilikuwa mgeni hapa Guangzhou, China, binti wa Mwanza mwenye ulimi mrefu kuliko akili. Mimi na Zuhura wa Unguja tulichangia chumba, sufuria na kontena, maana hakuna aliyeweza kulijaza peke yake.

Mwaka ule matokeo ya urais yalikwama kwenye jimbo moja, Florida. Kura zinahesabiwa, zinarudiwa, wiki zinapita, nasi macho kwenye televisheni. Mimi na mgombea wangu, Zuhura na wake. Mpaka leo najiuliza, hivi tulikuwa tunatafuta nini kule? Mzaha mzaha hutumbuka usaha. Asubuhi moja nikamwambia sipakii mzigo na mtu asiyeona ukweli. Nikaondoa mikoba yangu niliyoinunua soko la Shiling, nikahamia kwa jirani, na sufuria nikaibeba.

Kontena likabaki nusu, na mtaji wote wa Zuhura ulikuwa humo. Laoban, mwenye ghala, alishasema "mei you": nafasi ya mzigo wa kungojangoja hakuna.

Mzee Shabani wa Dar, mpakiaji wetu, akaniketisha juu ya robota.

"Hebu nifahamishe, binti yangu, mie sijui. Huko Florida una nani?"

"Sina mtu, mzee."

"Na diwani wa kata yenu Mwanza nani?"

Sikumjua.

"Haya. Na Zuhura jana kapikia nini?"

Aibu niliyoiona, mwanangu, sina pa kuiweka. Nikaenda na sufuria mkononi. Zuhura akafungua mlango nusu.

"Umekuja kunambia nani kashinda?"

"Nimekuja kupika."

Florida ilipompata mshindi wake tulikuwa ghalani tunapakia, na hakuna aliyeinua kichwa. Miezi michache baadaye simu ikaja kwamba mama yangu amefariki. Aliyenifungia begi na kunishika mkono hadi uwanja wa ndege ni Zuhura.

Basi, mwanangu, ya dunia yaulize, kuuliza si ujinga. Ila usimwache mtu wako kwa ajili ya kura za jimbo usilolijua. Afadhali jirani aliye karibu kuliko ndugu aliye mbali. Mungu akujalie mzigo ufike salama, na akupe mtu wa kula naye sufuria moja.