Mkono Laini wa Mlingoti

Kiwanda cha sabuni kilimwajiri kwa sababu ya urefu wake, na hawakumficha. Kocha wa timu ya kiwanda, ambaye ndiye pia mkuu wa ghala, alimtazama kutoka unyayo hadi utosi, akambandika jina la Mlingoti, kisha akampa kazi ya kupanga makatoni na jezi ya mpira wa kikapu. Kama anajua kufunga, hakuulizwa.

Na alijua, tena sana. Akikipa kikapu mgongo, alimsikiliza kwa bega yule anayemkaba. Huyo akiegemea kulia, yeye kashageukia kushoto, na mpira umeshapita juu ya vichwa vyao na kutumbukia bila kugusa chuma. Kila mchana, wenzake wakila, alikuwa nyuma ya ghala akirusha mipira hamsini kwa mkono wa kulia, hamsini kwa wa kushoto. Mkewe alimtania, "Baba watoto, unajipamba kwa harusi ya nani?"

Wiki ya kwanza tu alikuwa amemwambia kocha, "Mzee, nipeni mpira nikiwa pale chini ya kikapu. Nitafunga."

Ghala zima liliangua kicheko. "Wewe ruka, okota, wape wenye akili," kocha akamjibu.

Basi akaokota. Miaka kumi na mitatu ya viwiko vya mbavuni, goti lililozidi kuchakaa na pua iliyovunjika mara mbili, akiwapa mpira vijana waliofunga na kupigwa picha na meneja. Mtasema angekaidi. Kukaidi ni rahisi kwa asiye na watoto watatu. Aliyevuliwa jezi pale, na makatoni alikuwa ameyaaga.

Mwaka huu, kwenye nusu fainali, wafungaji wote wawili walitolewa kwa makosa kabla ya robo ya mwisho. Timu ilikuwa nyuma kwa pointi kumi na moja. Kocha alipunga mkono kama mtu anayefukuza nzi. "Haya, mpeni Mlingoti."

Wakampa. Akageuka kushoto, akafunga. Akageuka kulia, akafunga. Walipomkaba wawili, alidanganya kwa bega, wakaruka peke yao, naye akauweka mpira taratibu. Goti lilikuwa linamuuma hadi machozi, lakini hakuomba kutoka. Alifunga pointi kumi na tisa, wakashinda kwa moja.

Kocha alimkimbilia, akamkumbatia. "Kumbe unajua hivi! Miaka yote hii mbona hukusema?"

Mlingoti alimtazama usoni, akitafuta japo chembe ya aibu. Hakuiona. Mzee alikuwa amesahau kweli, na hilo ndilo lililomchoma zaidi.

"Fainali Jumamosi," kocha akaendelea, "mipira yote kwako!"

"Umechelewa, mzee," alisema. Kisha akaketi, akamwomba mkewe, aliyekuwa ameshuka kutoka kwa watazamaji, amfungulie kamba za viatu, maana goti lilikuwa limevimba na halikunjiki tena.