Holi ya Changamwe, Mwaka Shangazi Alipokuja

Jumapili moja ya mwezi wa tatu mwaka huu, kitinda mimba wetu alirudi nyumbani Kiembeni akiwa na rangi mwili mzima. Nywele zilikuwa za waridi, shingo ya kijani, na masikio ya manjano mpaka ndani. Alikuwa ametoka hotelini Bamburi, ambako yeye na wenzake wa kazini walipewa fulana nyeupe na mifuko ya unga wa rangi, muziki ukapigwa, wakarushiana mpaka wakachoka.

"Na moto mliuwasha saa ngapi?" nikamuuliza.

"Moto gani, dada? Si ni Holi."

Nilicheka mpaka nikakaa kitako. Huyu huyu, kabla hajaota meno mawili, alizungushwa moto wa Holi, sikukuu ya Wahindi, kule Changamwe, na siku hiyo ndiyo iliyoamua kama sisi wanne tungekua pamoja au kila mmoja angekwenda njia yake. Kaa basi, nikueleze.

Baba alikuwa mlinzi wa duka moja la vyuma la familia ya Kihindi. Alipofariki, na mama akamfuata miezi michache baada ya kumzaa kitinda mimba, familia ile ilituachia chumba chetu cha uani. Mimi nilikuwa na miaka kumi na mitatu. Niliacha shule darasa la sita, nikaanza kukaanga viazi karai mlangoni, asubuhi na jioni. Mdogo wangu wa kiume alikuwa na miaka tisa, wa kike sita, na kitinda mimba nilimbeba mgongoni huku nikigeuza viazi. Mpaka leo nikisikia harufu ya mafuta yaliyochemka na bizari, mgongo wangu unahisi uzito wake.

Bibi wa nyumba kubwa aliitwa Ba. Wajukuu zake walimwita hivyo, na sisi, na hata wachukuzi wa saruji. Alivaa sari nyeupe ya ujane, na Kiswahili chake kilikuwa cha dukani, kifupi, hakina mzunguko, lakini hakikukosa kitu. Siku moja, mwezi ukiwa ndio kwanza umeandama, aliniita kutoka dirishani.

"Wewe mtu ya viazi, kuja!"

"Abee, Ba."

"Ng'ombe unajua iko wapi?"

Nikamwambia kuna zizi upande wa Magongo.

"Basi leta mavi yake. Bichi. Ndoo mbili."

Nilidhani ananitania. Lakini nilipoleta, aliketi kwenye kibao na kuyafinyanga kwa mikono ile ile iliyokuwa ikisukuma chapati nyembamba kama karatasi. Alitengeneza vikate vidogo vya mviringo, kila kimoja akakitoboa katikati kwa kidole, akaniambia niviweke juu ya paa vikauke. Mdogo wangu wa kiume aliviita vitumbua vya ng'ombe, na siku ya tatu akamkaribisha mtoto wa jirani kimoja. Mama yake mtoto alikuja kushtaki akiwa amejifunga leso kiunoni.

Mimi nilikuwa na ugonjwa wa kuuliza. Shule nilikuwa nimeiacha, lakini maswali yalikuwa hayajaniacha.

"Ba, kwa nini mavi?"

"Ng'ombe safi. Moshi yake safi."

"Na tundu la nini?"

"Kamba itapita wapi?"

Kweli, vilipokauka tulivitunga kwenye kamba ya katani kama shada la maua. Ba akaeleza kwamba vitawekwa juu ya kuni za Holi usiku wa mwezi mpevu, kwa sababu baridi imekwisha na ngano imevunwa. Nikatazama jua la mwezi wa tatu, lile jua la Changamwe linaloyeyusha lami.

"Baridi gani, Ba?"

"Baridi ya kwetu."

"Ikoje?"

Kamba ikasimama mkononi mwake. "Sijui," akasema. "Mimi nimezaliwa Makupa."

Tukacheka sote, yeye zaidi. Nilifikiri sana jambo lile. Mwanamke mzima, kila mwaka anaaga baridi ambayo hajapata kuiona, kwa sababu mama yake aliiaga, na mama wa mama yake.

Ni katika kutunga huko ndipo alipotusimulia chanzo cha Holi. Alisema hapo kale kulikuwa na mfalme aliyetaka watu wamwabudu yeye. Mwanawe mdogo akakataa, akamwabudu Mungu tu. Akasukumwa kutoka mlimani, hakufa. Akalazwa chini ya miguu ya ndovu, hakufa. Ndipo dada yake mfalme akasema, moto mimi haunichomi, nipeni mtoto nimpakate, tuketi motoni pamoja. Wakaketi. Dada mtu akaungua akawa majivu, mtoto akatoka mzima, jina la Mungu mdomoni.

"Dada ya mfalme ni nani wake huyo mtoto?" mdogo wangu wa kike akauliza.

"Shangazi yake," nikasema.

Tukatazamana. Kwani wiki ile ile tulikuwa tumeletewa habari kutoka Kaloleni. Shangazi yetu, dada yake baba, alikuwa anakuja. Kitinda mimba angemchukua yeye. Wa kiume angepelekwa kwa ami yetu Mariakani, akachunge mbuzi. Wa kike angekwenda kwa bibi, Rabai. Mimi sikutajwa, na sikujali. Nilichojua ni kwamba nilikuwa nimemwahidi mama kitandani kuwa hatutaachana.

Shangazi alifika siku yenyewe ya Holi, alasiri, na kikapu cha mihogo na kuku aliyefungwa miguu. Tukamwamkia shikamoo, akaitikia, akakaa, akampakata kitinda mimba. Kabla hajapewa maji, mdogo wangu wa kiume akamsogelea.

"Shangazi, wewe moto unakuchoma?"

"Moto gani, mwanangu?"

"Yule shangazi mwingine alimpakata mtoto hivyo hivyo. Akaungua yeye, mtoto akabaki."

Shangazi alinigeukia. "Haya ndiyo unayowafunza?"

Nilijua basi, yamekwisha. Akainuka na mtoto begani, akavuka ua mpaka mlango wa jikoni wa Ba, nami nyuma yake. Ba alikuwa amefunga tangu asubuhi, mfungo wao wa kula tende na dengu za kukaanga tu, na sasa alikuwa anakaanga bisi kwenye sufuria.

"Mama, wewe ndiwe unayewaambia watoto hawa kwamba mashangazi ni wachawi?"

Ba akamtazama. "Wewe dada ya yule baba?"

"Ndiye mimi."

"Pole sana. Mtu nzuri. Kaa."

Shangazi hakukaa. Ba akasogeza sufuria.

"Shangazi baya iko moja tu, ya hadithi. Mimi shangazi ya watu tisa. Kwetu mtoto akizaliwa, jina anatoa shangazi. Si mama, si baba. Hii mtoto, jina nani alitoa?"

"Mimi," shangazi akasema, sauti ikishuka. "Nilimpa la mama yangu."

"Basi! Wewe shangazi kabisa. Kula bisi."

Nikamwona shangazi akipambana na kicheko, akashindwa. "Mama huyu ana maneno!" Akakaa. Kidogo kidogo akaanza kuuliza yeye, na mimi nikagundua ugonjwa wangu nimeurithi wapi. Huyo mtoto alikuwa na umri gani? Na mfalme alifanywa nini? Akasema hata kwao, kwenye Biblia, kuna vijana watatu waliotupwa tanuruni wasiungue, na Ba akamtaka amsimulie, akasimulia mpaka jua likashuka.

Moto uliwashwa wakati wa magharibi, kwenye uwanja kando ya duka. Watu walikuja na vyungu vya maji, wakayamwaga pembeni mwa moto huku wakiuzunguka, wakitupa ndani bisi, dengu na nazi nzima nzima.

"Nazi nzima! Jamani, mnachoma nazi nzima?" shangazi akapiga kelele, na watu wakageuka. Ba akamtuliza kwamba zitatolewa kwa fimbo, zikiwa zimebanikwa, kila mtu apate kipande.

Wale waliokuwa na watoto wachanga waliwazungusha, kwani ilikuwa Holi yao ya kwanza. Ba akamshika shangazi mkono. "Hii pia ya kwanza."

"Mimi mtu wa kanisa, mama. Siabudu moto."

"Usiabudu. Tembea tu."

Akatembea, leso amemfunika mtoto uso. Mzunguko wa pili, nazi moja ikapasuka kama baruti. Kitinda mimba akaruka, akajirusha nyuma kwa mayowe, na mikono yangu ilikuwa pale kabla sijajua nimekimbia. Akanikumbatia shingo, akanyamaza. Shangazi akabaki na leso mkononi. Kisha akasema, "Endelea naye." Nikaimaliza mizunguko mimi, na yeye akasimama amewashika mkono wale wawili.

Asubuhi ikawa zamu ya rangi. Ba alikuwa ameloweka maua makavu yaliyotumwa kutoka India, maji yakawa kama zafarani, na wajukuu wakatunyunyizia sisi na hata kuku wa shangazi. Yeye mwenyewe alikuwa anafunga kikapu chake, alama ya kiganja cha manjano kwenye leso.

"Na wewe," akaniuliza bila kunitazama, "shule utarudi lini?"

"Sirudi, shangazi. Nikirudi, hawa watakula nini?"

Akakaza kamba ya kikapu. "Haya. Kaeni. Lakini mmoja wao akilala na njaa, nitakuja, na sitapiga hodi."

Akaenda peke yake.

Hapakulala mtu na njaa. Mmoja leo anatengeneza mashine bandarini, mmoja ni muuguzi, na huyu wa masikio ya manjano umeshamjua. Sijutii. Ba alifariki, wajukuu wakahamia ng'ambo, na ule uwanja sasa malori hugeuzia hapo. Zizi la Magongo limekuwa nyumba za kupanga. Anayetaka Holi huenda hotelini.

Shangazi tulimzika Kaloleni mwaka juzi. Siku ya tatu ya matanga, binti yake alinivuta kando akaniambia jambo alilodhani nalijua. Kabla ya kuja Changamwe mwaka ule, mama yake alikuwa amekwenda kwa mwalimu mkuu wa shule ya Kaloleni kuniombea nafasi darasa la sita. Sare ilikuwa imeshonwa, inaning'inia nyuma ya mlango. Wadogo zangu waligawanywa ili mimi mikono iwe mitupu, nishike kalamu.

Baada ya Holi ile shangazi alikuja kututazama miaka mingi, na mihogo yake, na kuku wake. Nilimwamkia, nikampikia, nikamsindikiza stendi. Lakini mimi, niliyemuuliza bibi wa watu hata habari za mavi ya ng'ombe, sikuwahi kumuuliza shangazi yangu alikuja kufanya nini.