Jioni Nyumba ya Munyao Ilipoanza Kugonga

Nimewahi kuona mchungaji akikimbia.

Sisemi kutembea haraka. Nasema kukimbia, Biblia kwapani, koti linapepea nyuma, viatu vinarusha kokoto za Malili.

Alikuwa anaikimbia sakafu yangu.

Kaeni hapo niwaeleze.

Mimi ni Kiema, fundi wa taili, nakaa Kibwezi. Shule niliachia darasa la sita. Sikuacha kwa ujinga. Niliachishwa na mdomo wa mtu mmoja anaitwa Munyao.

Zamani tulikuwa ng'ambo ya mto Athi, upande wa Ikutha, Kitui. Baba alikufa akatuachia shamba linaloteremka hadi mtoni. Kwetu Ukambani, mtu mwenye shamba la mtoni hana haja ya kutazama mawingu.

Munyao alikuwa jirani. Akalitaka lile shamba. Mama akakataa.

Basi jamaa akaanza kueneza habari. Kwamba kila jua likizama, kuna kitu kinagonga nyumbani kwake. Pak! Akitoka nje, hakuna mtu. Akirudi ndani, pak! Akasema hicho kitu kimetumwa. Akasema aliyekituma ni Mbithe.

Mbithe ni mama yangu.

Neno "mchawi" halihitaji ushahidi. Likishatamkwa linatembea lenyewe. Kanisani, benchi alilokaa mama lilibaki la mama peke yake. Akifika kisimani, wanawake wanabeba mitungi yao hata haijajaa. Halafu tukaamka siku moja, paa letu linawaka.

Mama akanishika mkono, tukavuka mto tukaja Kibwezi. Hatukubeba hata sufuria.

Munyao akapanda nyanya kwenye shamba letu.

Hiyo ndiyo hasira niliyokua nayo. Nilikua nayo kama mtu anavyokua na kovu.

Sasa juzi juzi nikapigiwa simu na mama mmoja anaitwa Wangui. Mtu wa Nyeri, lakini amefanya biashara kwenye hii barabara ya Mombasa mpaka Kikamba chake kinashinda changu.

"Fundi, nimeona ile kazi yako ya Kibwezi. Nataka sebule yangu Malili iwe hivyo. Taili ni zile kubwa, ndefu kama mlango wa kabati."

"Nakuja, mama."

Nikafika. Nyumba kubwa, mabati mapya, mwangwi tupu ndani. Mume wake akatoka kunisalimia. Mzee mnene, amevaa kofia ya kuendea sokoni. Akacheka kwa pua, hnh-hnh-hnh, kama pikipiki inayokataa kuwaka.

Kicheko hicho nilikijua. Alikicheka siku tuliyokuwa tunavuka mto.

"Karibu, fundi. Umetoka wapi?"

"Kibwezi, mzee."

"Watu wa Kibwezi ni watu wazuri."

"Sana," nikasema.

Hakunijua. Aliniona mwisho nikiwa na kaptula iliyopasuka. Sasa nina kitambi na ndevu za mvi.

Wazo la kwanza lilikuwa la kijinga. Nilitaka kumharibia sakafu. Taili kubwa huwa zimepinda kidogo, na usipokuwa makini, ukingo wa moja unakaa juu ya mwenzake. Nilitaka kila asubuhi kidole chake cha mguu kikutane na huo ukingo mpaka kaburini.

Lakini kidole kinapona. Na sakafu mbovu ingekuwa na jina langu, si lake.

Nikiwa nimesimama hapo nawaza, jua likaanza kushuka. Mabati yakapoa, yakalia kidogo. Tik.

Munyao akatazama juu kama ameitwa jina.

Wangui akacheka. "Huyu mzee wangu akisikia bati anashtuka kama kifaranga. Tangu nimjue. Ukimuuliza, anakasirika."

Hapo hapo nikajua nitafanya nini.

Kesho yake nikaenda mji wa Salama, kwa Gakenia anayeuza vifaa vya ujenzi. Sasa wale hamjui kazi hii, sikizeni. Ili taili kubwa zikae sawa, unaingiza klipu za plastiki kwenye viungo. Mguu wa klipu unakaa chini ya taili mbili, shingo inatokeza juu katikati yao. Juu unakaza kwa kofia au kabari, taili mbili zinabanwa usawa mmoja mpaka gundi ishike. Ikishika, unapiga klipu teke, shingo inakatikia chini, basi.

Gakenia akanipangia juu ya kaunta.

"Hizi ni za kofia. Unazungusha kwa mkono, unasikia zikishika. Haziumizi taili. Hizi nyingine ni za kabari, unasukuma kwa koleo. Ni za haraka, lakini ukizidisha nguvu unainua taili, chini panabaki wazi."

"Nipe za kofia, za kutosha sebule nzima." Halafu nikaonyesha mlangoni. "Na zile?"

Nje ya duka kulikuwa na mifuko ya klipu za kabari imening'inia kwenye msumari. Jua la Salama lilikuwa limeila mpaka rangi imepauka.

"Hizo siuzi. Zimekauka. Ukikaza, zinakaa kidogo halafu zinakatika zenyewe."

"Zinakatika kwa kelele?"

"Kama risasi. Kwani unatafuta nini, Kiema?"

"Nipe zote."

"Wewe una homa."

"Nipe zote, Gakenia."

Akanitolea huku anatikisa kichwa.

Nilifanya hivi. Kila kiungo nilikiwekea klipu nzuri za kofia. Hizo ndizo zilifanya kazi, na mpaka leo ukipitisha sarafu kwenye ile sakafu haikwami popote. Lakini katikati yao nilipachika zile zilizokauka. Hizo hazikuwa za kushika taili. Zilikuwa za kuongea.

Jioni nilikaza kabari polepole mpaka plastiki ikawa nyeupe shingoni. Hiyo ni dalili imechoka. Nikaacha hapo. Halafu nikafunga mlango wa sebule.

"Mtu asikanyage ndani mpaka niseme," nikawaambia. "Gundi bado mbichi."

Nikakaa barazani na chai yangu.

Jua likashuka.

PAK!

Ile sebule tupu ililirudisha hilo pigo ukuta kwa ukuta. Munyao aliacha kikombe kikaanguka.

"Fundi! Umesikia?"

"Nimesikia nini, mzee?"

PAK!

"Hicho! Hicho kinachogonga!"

"Mimi sisikii kitu," nikasema. "Labda kinakuita wewe."

Mungu anisamehe, chai haijawahi kuwa tamu hivyo.

Yule mzee hakula. Alizunguka nyumba na tochi wakati jua bado lipo. Wangui akasema ni mabati, halafu akasikia pigo la tatu, akavuta kiti chake karibu na changu. Kesho yake nikamaliza nusu ya sakafu iliyobaki, kabari nikazikaza zaidi. Munyao naye akaita kanisa.

Mchungaji Mbaluka akaja na akina mama wa maombi. Wakasimama barazani, mbele ya dirisha la sebule lililokuwa wazi. Mimi nikakaa nyuma na nyundo yangu ya mpira.

"Baba, tunaweka nyumba hii mikononi mwako! Kila pepo—"

PAK!

"—kila pepo mchafu—"

PAK! PAK!

"Toka!" mchungaji akapiga kelele. "Nasema toka!"

Na kweli kikatoka. Sikukitegemea hicho, naapa. Klipu moja ilikatika na kabari yake ikaruka, ikapita dirishani, ikampiga mchungaji hapa, katikati ya paji la uso.

Ndipo nilipomwona mchungaji akikimbia.

Alisimama langoni. Akina mama wawili walikuwa nyuma yake, mmoja na kiatu kimoja.

Munyao hakukimbia. Akaanguka magoti pale barazani akaanza kulia kama mtoto.

"Ni kile! Ni kile nilitunga mimi mwenyewe!"

Wangui akamshika bega. "Ulitunga nini?"

"Hakukuwa na kitu kilichogonga! Huko Ikutha, hakukuwa na kitu! Nilitaka shamba. Nikasema mama yule ananitumia kitu kigonge, na watu wakaamini. Paa nilichoma mimi. Sasa kimekuja kweli! Kimenifuata! Mbithe, nisamehe!"

Hata zile klipu zilinyamaza.

Nilikuwa nimengoja maneno hayo tangu nikiwa na kaptula. Ningeweza kunyamaza, nikanawa mikono, nikaenda nyumbani nimwache na pepo wake.

Lakini nikaona kitu. Nikinyamaza, wale akina mama watarudi wakisema, "Kumbe yule Mbithe wa Ikutha ana nguvu kweli, amevuka mto mpaka Malili." Ningekuwa nimemfanya mama mchawi kwa mikono yangu.

Nikasimama. Nikafungua mlango wa sebule.

"Mchungaji, rudi. Mama Wangui, njoo uone pepo."

Nikapiga klipu ya kwanza kwa nyundo, kufuata mstari wa kiungo. Pak. Ya pili. Pak. Ya tatu nikamtupia Munyao mapajani.

Akaiokota. Akaigeuza geuza.

"Hii ni nini?"

"Plastiki, mzee. Inauzwa Salama. Umeungama mbele ya plastiki."

Alinitazama. Akatazama nyundo. Akanitazama tena, sasa machoni.

"Wewe ni nani?"

"Mimi ni Kiema wa Mbithe. Mara ya mwisho ulinicheka nikivuka mto."

Rangi ikamtoka. Halafu, kwa vile yeye ni Munyao, akajaribu kusimama na kujipangusa vumbi. "Basi mmesikia, ni mchezo wa fundi. Nilisema yale kwa hofu tu. Si kweli."

Wangui akamkatiza.

"Hofu ndiyo ilikufundisha kuchoma paa?"

Munyao akaigeuza tena ile plastiki mkononi.

"Nimelala na wewe miaka yote hii nikifikiri unaogopa bati," Wangui akasema. "Kumbe unajiogopa mwenyewe. Jumapili tunaenda Ikutha. Utasema haya kwenye lile kanisa, na kama mdomo utakwama, nitasema mimi. Kiema, mlete mama."

Jumapili hiyo Munyao akaenda. Mchungaji Mbaluka naye akaja kama shahidi, na uvimbe wake kwenye paji la uso. Wangui alisimama nyuma ya mume wake, funguo za gari mkononi, mpaka Munyao akasema yote, na paa, na shamba, na nyanya.

Mama alikaa benchi la mbele, peke yake. Munyao alipomaliza, bibi mmoja mzee akainuka akaja kukaa karibu na mama. Akaja mwingine. Wakaja mpaka benchi likalia.

Njiani kurudi, tumeshavuka Athi, nikamuuliza mama kwa Kikamba chetu, "Mwaitu, umeridhika?"

Akafikiria.

"Kwa nini uliwaambia ni plastiki?"

"Ili wajue si wewe, mwaitu."

"Hao akina mama, sawa, ungewanong'oneza kando. Lakini Munyao ungemwacha alale na pepo wake humo ndani mpaka mvua inyeshe." Akavuta leso yake vizuri. "Una haraka, kama baba yako."

Halafu akacheka. Sikuwa nimemsikia akicheka hivyo tangu upande ule wa mto.

Kwa hivyo sikizeni, nimalize.

Ukilaza taili kubwa, usinunue klipu iliyoning'inia juani. Nunua ile ya kofia, kaza kwa kiasi.

Na usimwite mama wa mtu mchawi kwa sababu ya shamba. Watoto wake wanakusikia, na watoto hukua. Mmoja wao ndiye utakayemfungulia mlango akutandikie sakafu.