Yule Mwanamke wa Kionga

Miaka ile gesi ilipopatikana baharini na wageni wakajaa Palma, mke mwenzangu alipangisha chumba chake cha mbele kwa karani wa serikali kutoka kusini. Karani akaja na mkewe na televisheni kubwa. Nyumba yangu ndiyo iliyokuwa karibu na barabara, na choo nilikwisha kukijenga kwa saruji, lakini wakaenda kwake. Nalisema hili ijulikane hasira zangu zilianzia wapi.

Mume wetu alikuwa mtu wa zamu. Siku mbili kwangu, siku mbili kwa mwenzangu mdogo, hakuwahi kukosea. Televisheni ilipoingia, siku zangu zikaanza kuliwa. Baada ya alasiri ananiaga, anakwenda kutazama novela, ile tamthilia ya kila jioni, anarudi chakula kimepoa, wala hasemi ameona nini.

Nikaulizia, nikaambiwa ni hadithi ya mpelelezi wa polisi ambaye ni mnyonya damu. Sisi huku mnyonya damu hatumfanyii mchezo. Yakizuka maneno kwamba wapo, mume wangu ndiye wa kwanza kutia komeo mlangoni. Leo anamfuata kwa hiari yake? Nikajua kinachomvuta ni yule mdogo.

Basi siku ya zamu yangu nikachukua ukili wangu wa kusuka, nikaenda kukaa nao mkekani. Mke wa karani alikuwa akitufasiria Kireno. Mpelelezi ameinamia maiti ya mwanamke, mara picha ikageuka: taa za mafuta, farasi, makoti marefu, na mtu aliyefanana naye amemshika mkono bibi harusi. Nikasema huyo bila shaka ni babu yake.

"Ni yeye mwenyewe, Dada," mke mwenzangu akasema huku anacheka. "Hawa hawafi. Wanaturudisha nyuma tumjue. Alikuwa na mke kabla hajawa hivi, ndiyo maana akiona pete anageuza uso."

Wote wakacheka. Nikamgeukia mume wangu anitetee, nikamkuta anafuta macho kwa pindo la kikoi. Mke mwenzangu akamsogezea kikombe cha maji bila hata kumtazama, kama mtu aliyekwisha kuzoea.

Kikombe kile ndicho kilichoniunguza roho. Nikamvuta mke mwenzangu uani, nikamuuliza mzee analilia nini.

"Anamlilia yule wa Kionga," akasema. "Kumbe wewe hukuambiwa?"

Sikuambiwa. Miaka arobaini. Kabla yangu alioa Kionga, na wakati wa vita wakikimbilia ng'ambo ya Ruvuma, mwanamke akafia njiani na mimba yake. Hayo yalimtoka siku mke wa mpelelezi alipoonyeshwa mara ya kwanza. Na mimi ndiye mwenye majina ya nyumba ile! Shule nilisoma kidogo, lakini kila Shaabani, mwalimu akija kuwasomea marehemu wetu, mimi ndiye ninayemtajia kwa kichwa, tangu mababu mpaka vichanga. Mume wangu hukaa ubavuni kwangu, anasikia jina moja halimo, ananyamaza.

Mume wangu aliporudi nikamuuliza kwa nini amwambie yule, asiniambie mimi.

"Hakuniuliza. Tulikuwa tunatazama tu, nikajikuta nasema."

"Na mimi je?"

"Wewe, Bi Mkubwa, ungemtia kwenye marehemu. Nilikuwa sijataka bado awe marehemu."

Heri angenipiga. Mdogo ninamwona, ninajua anapika nini na anavaa nini. Huyu wa Kionga nigombane naye wapi? Nikamwambia anitajie jina, akanitajia.

Shaabani ikafika. Nikataja wote, mwalimu akaniuliza kama wamekwisha. Mume wangu aliniangalia. Nikasema wamekwisha. Sijui mpaka leo kama nilimhurumia yeye, au sikutaka mwanamke yule apate dua kwa mdomo wangu.

Mwalimu alipoondoka, mume wangu hakwenda kwenye novela. Akakaa nami kizingitini, akasema nikitaka atanisimulia habari zote za yule mwanamke. Nikachukua ukili wangu, nikamwambia haya, asimulie.

Akaanza na nywele zake. Nikamwambia nywele aziruke.