Ngazi Isiyofutika

Mchoraji wa majengo tuliyemwita Rula aliitukana kompyuta wiki nzima. Mteja alitaka ngazi iondolewe kwenye mchoro wa zahanati, lakini kila Rula alipoifuta, programu ilijizima. Akiifungua tena, anaikuta ngazi palepale, na anaitazama weee kabla ya kujaribu upya.

"Dude hili litanitia wazimu!" alifoka.

Mimi, mgeni pale kazini, na kiherehere changu, nikamwita fundi wa kompyuta. Akairekebisha. Rula akiwa chooni nikabonyeza mara moja tu, ngazi ikafutika, nikahifadhi.

"Kaka, umepona!" nikamwambia aliporudi.

Akaisogelea skrini. Sikujua kuwa ngazi ile aliichora marehemu mkewe, akiwa amekalia kiti hiki hiki nilichopewa mimi.

"Nani kakwambia nilitaka ifutike?" akauliza taratibu.