Kadi ya Sosefo

Kalolaine aliipenda ile sauti ya kadi ikigusa mashine. Ti! Ndogo, kama kifaranga anayegonga yai kutoka ndani. Halafu kuku wa kukaanga akawa wako, tiketi ya treni ikawa yako, na hakuna noti iliyotoka mfukoni.

Kwao Vava'u, visiwani Tonga, alikuwa amesuka mikeka miaka yote ya ujane wake, na fedha aliyoijua ilikuwa na uzito: noti za pa'anga zilizolainika kwa jasho, zikalala ndani ya kopo la biskuti chini ya kitanda. Alishuka uwanja wa ndege wa Sydney na bunda la noti hizo limeshonewa kwenye sidiria. Msichana wa duka la kwanza alizigeuzageuza, akacheka.

"Nzuri sana, mama. Za wapi hizi?"

Ndipo Sosefo, mtoto wa kaka yake, alipotoa kadi yake ya benki. Kusema alitoa ni kupamba. Kalolaine alinyoosha mkono, na kwa Watonga, shangazi akinyoosha mkono, mtoto wa kaka yake haulizi.

"Na namba ya siri?"

"Mwaka aliozaliwa baba, shangazi."

"Angalau hukulelewa na mbuzi."

Kuanzia hapo kadi ikahamia kwenye mkoba wake. Alinunua keki za nyumba nzima, akanunua viatu vya watoto wa jirani ambao hata majina yao hakuyashika vizuri. Jumapili ikaja sadaka ya mwaka, siku ambayo kanisani husomwa jina la kila familia pamoja na ilichotoa. Kando ya kikapu cha zamani shemasi alikuwa ameshika mashine ya kadi. Kalolaine alisimama kwa jina la kaka yake, Penisimani, baba yake Sosefo, aliyekuwa amelala mgonjwa huko Mildura, kwenye mashamba ya zabibu.

"Andika sadaka ya mtu mzima," alimwambia shemasi. "Kaka yangu si mtoto wa shule."

Ti! Kanisa zima likaguna kwa furaha. Alipogeuka kumtafuta Sosefo kwa macho, alimkuta kijana akitazama viatu vyake. Akauchukua ule kuwa unyenyekevu.

Jumatano jioni simu ilitoka Mildura. Madaktari walikuwa wamemrudisha Penisimani nyumbani, na yeye alikuwa anamuulizia dada yake.

Tangu walipovuka utoto, Kalolaine hakuwahi kukanyaga chumba anacholala kaka yake. Ndivyo dada na kaka wanavyoheshimiana. Pako mahali pamoja tu, msibani, ambapo dada hupewa nafasi ya kukaa upande wa kichwa cha kaka yake, na wakati huo kaka hajui nani ameingia. Kalolaine alitaka kufika kabla ya hapo. Alitaka heshima iwekwe kando kwa saa moja, aingie, na awepo mtu wa kumwona akiingia.

Waliondoka Alhamisi kabla ya jua. Nyuma ya gari alilaza mkeka mmoja uliofungwa kwenye shuka, mlaini kama kitambaa, kazi ya mama yake.

"Wa nini huo, shangazi?" aliuliza Sosefo.

"Wa kusalimia."

Mkeka wa namna ile hausalimii mtu aliye hai.

Asubuhi nzima walipita vituo vya mafuta, na Sosefo hakusimama.

"Hujazi?"

"Mbele bei ni nzuri."

Mbele wakapita kingine. "Hii gari yako inakunywa upepo?" alitania shangazi. Kijana alicheka, lakini kicheko kilichelewa kutoka. Walipofika mji wa Hay alisimama pembeni, akaitazama simu yake kwa muda mrefu, akairudisha mfukoni, akaendelea.

Baada ya Hay nchi ililala chini kabisa. Hapakuwa na mti wa kupumzishia jicho. Kangaruu waliogongwa walikuwa wamevimba kando ya lami, na kunguru walioinama juu yao waliondoka kwa uvivu, dakika ya mwisho, kana kwamba wanajua kuwa gari litapita na wao watarudi. Taa ya njano ya mafuta ikawaka. Sosefo akazima kiyoyozi.

Kituo kilichofuata kilikuwa hakina mtu. Duka limepigiwa mbao madirishani. Zimebaki pampu mbili na nguzo yenye kioo cha kulipia kwa kadi. Kalolaine alishuka mwenyewe, kadi mkononi, kwa madaha ya mtu anayeijua kazi yake.

Sauti iliyotoka haikuwa ile. Ilikuwa nzito, ya chini. Aliipangusa kadi kwenye sketi, akajaribu tena. Imekataliwa.

"Labda ni jua," alisema.

"Si jua, shangazi."

"Ni nini basi?"

"Haina kitu. Tangu Jumapili."

Upepo wa moto ulipita kati yao. "Na wewe ukanyamaza?"

"Ningekwambiaje?" Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililomtisha. "Leo ni siku ya mshahara. Nilidhani utaingia tukiwa njiani. Pale Hay ulikuwa haujaingia. Huku hata mtandao hakuna."

Kalolaine aliingiza mkono kifuani, akachana uzi, akatoa pa'anga zake zote. Aliizunguka ile nguzo, akiipapasa kila upande. Haikuwa na mdomo wa noti.

Jua lilikuwa limeshaanza kuinama lori la kondoo lilipoingia. Dereva, mzungu mwenye ndevu nyekundu, aliwatazama, akaitazama pampu, akaelewa. Akagusisha kadi yake mwenyewe. Ti! Mafuta yakaanza kuingia. Kalolaine alimsukumia noti zake.

"Weka tu, mama. Nitazipeleka wapi hizi?"

Lakini hakuweza kuondoka mikono mitupu mbele ya mtu aliyemsaidia. Alifungua nyuma ya gari, akautoa mkeka.

"Shangazi, hapana. Huo hapana."

"Kumbe neno hilo unalijua? Umelificha wiki nzima!"

Dereva aliutupa kwenye kiti chake. "Zulia safi. Mbwa wangu atalipenda."

Walipoondoka, Kalolaine alijikuta mwepesi kuliko alivyokuwa tangu asubuhi. Mkeka haupo, basi hauhitajiki. Alijirudia hivyo kimoyomoyo, maili baada ya maili, kama anayesuka.

Kisha mtandao ukarudi. Simu ilitetemeka mara moja, ikatetemeka tena, haikunyamaza. Sosefo akapunguza mwendo, akasoma.

"Mshahara umeingia," alisema.

"Na nyingine?"

"Ni kina mama walio nyumbani kwa baba. Wanauliza umefika wapi." Akatazama lami. "Wanauliza kama umekuja na mkeka."

Kalolaine akaufungua mkoba, akaitoa kadi, akaiweka juu ya goti la kijana. Sosefo hakuigusa.

"Endesha," alisema.

Mafuta yalikuwa yanatosha kabisa kufika.