Chumvi ya Bahari kwa Ng'ombe wa Nyanya

Juzi binti yangu alinipeleka Mombasa, ati nione kisiwa kabla magoti hayajakataa kabisa. Nilichoka, rafiki yangu. Ngazi za Ngome ya Yesu zilinimaliza, na sikuwa na nguvu ya kumwambia tena kwamba nilishaiona nikiwa mtoto, nikiwa na kibuyu cha kugandishia maziwa ya mursik kwapani.

Kwetu bara, upande wa Kapkatet, kulikuwa na bonde lenye udongo wa chumvi. Ng'ombe wa kijiji kizima walienda kulamba huko. Sisi watoto tuliwaswaga asubuhi, umande wa majani ya njiani ukitulowesha mpaka mapajani, na wakilamba sisi tunatafuna mahindi ya kuchemsha. Halafu mwenye bonde akapanda chai, akazungusha waya.

Nyanya yangu alikuwa amebakiwa na ng'ombe mmoja mweusi. Ng'ombe huyo aliponyimwa bonde akaanza kulamba ukuta wa jikoni, na maziwa yakapungua mpaka yakakauka. Nyanya alinunua chumvi ya duka, lakini ng'ombe aliinusa tu akageuza kichwa. Hiyo ni ya mboga, nyanya akasema. Kilichomuuma zaidi ni wageni. Kuwapa strungi, chai isiyo na maziwa, watu waliozoea mursik kwake, ilimwia aibu kubwa.

Ndipo kwaya ya shule yetu, nami nikiwemo, ikachaguliwa kwenda kuimba Pwani. Nyanya aliposikia bahari ni chumvi tupu, alisugua kibuyu kwa mkaa kama kawaida, akanikabidhi mlangoni.

"Ujaze mpaka juu," akaniambia. "Na usionje njiani."

Mwalimu wetu alituzungusha siku nzima. Alisema tuko kisiwani, nasi tukabisha, maana tuliona nyumba na maduka tu. Akatuonyesha mizinga ya ngome, kuta nene za matumbawe, milango ya Mji wa Kale iliyochongwa maua, mabaraza wazee walipoketi na kahawa. Wenzangu walishangaa. Mimi nilitafuta tu mahali pa kuteremkia majini. Mwalimu alipojua nina kazi gani alicheka mpaka akafuta machozi, kisha akanishika sweta kwa nyuma nikainama kwenye mawe nikajaza.

Nyumbani nyanya alimimina maji yale kwenye karai. Ng'ombe akanywa yote, akalamba na karai. Nyanya akaokota karai tupu.

"Na ng'ombe wa huko," akaniuliza, "maji hayo yote ni yao?"

Maziwa hayakurudi. Kibuyu kimoja ni nini? Lakini tangu siku ile nyanya alimimina strungi bila haya, akimwambia kila mgeni kwamba ng'ombe wake amekunywa bahari.

Sasa nyanya hayupo, na bonde ni chai mpaka mtoni. Ukiwauliza vijana wa pale habari za udongo wa chumvi, wanakuuliza ni udongo gani huo. Kule kisiwani ukuta ukipasuka unazibwa, na kuna mtu wa kuwaeleza wageni kila jiwe. Niliona wivu, sitaficha.

Binti yangu alipokuwa akipiga picha, niliteremka polepole mpaka majini, nikamwaga maji ya kunywa yaliyobaki kwenye chupa yangu, nikainama nikaanza kujaza. Chupa ilikuwa imefika nusu nilipokumbuka kwamba nyumbani hakuna ng'ombe.